Duma Asiye na Machozi

"Kaka, tazama unakopita! Gauni langu!"

Hivyo ndivyo walivyojuana. Siku ya mapumziko, geti la bustani limefurika watu, watoto wanalilia puto, na fundi rangi anapenya na ndoo mbili. Rangi ya manjano ikamrukia mkata tiketi kwenye gauni lake la bluu, lililonyooshwa kwa pasi tangu alfajiri.

"Samahani, dada. Nimekufanya simba."

"Simba jike huuma, hujui?"

"Basi niume, tuwe sawa."

Alicheka bila kupenda. Kuanzia hapo, kila saa ya mapumziko alikwenda kumtazama akipaka rangi sanamu za paka mwitu walioipamba bustani: simba, mondo, chui, duma. Fundi alinukia tapentaini ya kusafishia brashi mpaka kwenye nywele.

"Chui na duma watu huwachanganya," alimfundisha. "Duma ana michirizi miwili myeusi, kutoka machoni mpaka mdomoni. Kama mtu aliyelia akasahau kunawa."

"Kama wewe siku nikikuacha."

"Usitanie hivyo, roho yangu."

Bustani ile ilipendwa na wasaka makopo. Mtu huficha kopo, akaweka alama ya mahali kwenye ramani ya simu, na wasiomjua wakaja kulitafuta. Ndani mna daftari. Unaandika tarehe, na ukichukua kitu, unaacha kitu. Wawili hao nao walicheza, wakigombania nani kaona kwanza, mpaka fundi akapata kazi ya mbali.

Asubuhi ya safari alipiga simu.

"Nimekufichia kopo, laazizi. Chini ya mguu wa duma. Nenda ulisome, halafu nipigie."

Ramani ya simu ilimfikisha pale chui na duma waliposimama bega kwa bega. Hapo alitumia macho. Mmoja alikuwa na machozi, mwingine hana. Akapiga magoti kwa mwenye machozi, akapapasa, akatoa kopo. Ndani mlikuwa na kibanio cha nywele chenye ua la waridi, na daftari la majina ya watu asiowajua. Alilipekua mara mbili. Hakuna zaidi.

"Umelipata?" fundi aliuliza, muungurumo wa basi ukisikika nyuma yake.

"Nimelipata."

"Na unasemaje?"

Moyo wake ulikuwa umengoja neno, ukaletewa kibanio.

"Nasema asante."

"Asante tu?"

"Ulitaka niseme nini zaidi?"

"Hakuna, dada. Gari linaondoka."

Lile "dada" lilimchoma kuliko safari yenyewe. Hakupiga tena, wala hakupigiwa. Kila mmoja alilala akijua kwamba yeye ndiye aliyeachwa.

Miaka sita ikapita. Mabenchi yakang'oka mbao, paka wakafifia rangi, na kibanio kikabaki kwenye droo ya tiketi, hakivaliwi wala hakitupwi. Kisha asubuhi moja, sauti dirishani:

"Mafundi rangi bado hupita bure?"

Hakuinua uso haraka. Aliijua ile harufu.

"Umeota mvi," akasema.

"Na wewe umevaa miwani."

"Umeoa?"

"Nimuoe nani? Niliyemuuliza alinijibu asante."

"Uliniuliza lini wewe?" Akavuta droo, akakibwaga kibanio mbele yake. "Swali lako hili hapa!"

Fundi alikigeuza, akakigeuza tena. "Hiki si changu."

Foleni ilikuwa ndefu. Mkata tiketi akaweka kibao cha NARUDI, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka na fundi mpaka kwenye sanamu.

"Nilikichukua hapa, kwa duma," alionyesha.

"Huyo ni chui."

"Ana machozi! Si ulinifundisha mwenyewe?"

Fundi alipitisha kidole gumba kwenye shavu la sanamu. "Mvua," alisema taratibu. "Rangi ya macho ilichuruzika. Na duma... nyeusi iliniishia. Nikasema nitammalizia kesho. Kesho yenyewe nikasafiri."

Alipiga magoti kwa yule asiye na machozi, akasogeza jiwe. Kopo lilikuwa limeshika kutu. Pete ilifungwa kwa uzi kwenye daftari, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wake: *Nikirudi, utakuwa mke wangu? Jibu hapa.*

Chini yake, miandiko ya wageni, mwaka baada ya mwaka:

*Tumepita wawili. Pete hatukuigusa. Dada, mjibu mwenzio.*

*Mwaka wa tatu. Jamani, bado?*

*Nimechukua kifungo cha shati, nimeacha kalamu. Huenda huna.*

Mkata tiketi alisoma mpaka miwani ikaingia ukungu. Watu wote hao aliwakatia tiketi kwa mkono wake, wakamtakia siku njema, wakaenda kumwombea bila kumjua.

Kalamu ilikuwa imekauka. Aliipulizia, akaikwaruza kiganjani mpaka ikatoa wino. Akaandika tarehe kwanza, kama mchezo unavyotaka, kisha maneno machache, akampa.

Fundi alisoma: *Nilipotea njia. Ndiyo.*

Alitaka kumvisha pete palepale, lakini mkata tiketi akarudisha mkono nyuma.

"Ngoja, mpenzi. Kwanza mpake huyu duma machozi yake, asipotee mwingine."

Naye, wakati fundi akifungua rangi nyeusi aliyokuja nayo, alichukua kile kibanio cha waridi, akakiweka ndani ya lile kopo la kutu, palipokuwa na pete, akafunika.

Ukichukua kitu, unaacha kitu.