Samaki Mkubwa Hana Kosa

Kila asubuhi Mama Kaango aliwasha jiko nyuma ya soko. Mumewe aliketi kando yake kwenye kigoda, akipara magamba. Mume alipara, mke akakaanga, na wateja walianza kujipanga kabla mafuta hayajapata moto. Walipenda samaki wake wakubwa wa mtoni, aliowachanja mbavuni na kuwageuza mara moja tu.

Siku moja mteja wake wa miaka mingi, fundi cherehani, alichungulia karai, kisha akarudi nyuma.

“Shemeji, mbona huyu mkubwa hivi?”

“Kwani jana ulikula mdogo?”

“Jana nilikuwa sijasikiliza redio. Serikali inataka kuidhinisha samaki waliobadilishwa vinasaba. Wanakua upesi kama waliojazwa upepo. Na ukiwala, nawe unabadilika.”

“Afadhali,” akasema mume bila kuinua kichwa. “Huenda ukabadilika ukaanza kumaliza nguo za watu kwa wakati.”

Fundi alicheka, lakini aliondoka mikono mitupu.

Neno likazagaa soko zima. Kila aliyelipokea alilitia chumvi kidogo, akalipitisha mbele. Haukupita muda, watu wakawa na kipimo chao: samaki mkubwa ni wa maabara, mdogo ni wa Mungu. Karai la Mama Kaango likapoa likiwa limejaa. Alishika tama. Jiko hilo ndilo lililowalisha na kuwasomesha wanawe, na hakuwa na kazi nyingine.

Ndipo akapata wazo. Akawaambia wavuvi, “Wakubwa basi. Nileteeni wadogo wa kiganja.”

Wavuvi wakachukua nyavu zenye matundu madogo. Wateja wakaanza kurudi, na wauzaji wengine wakamwiga. Mama Kaango akashusha pumzi.

Nafuu hiyo haikudumu. Mkaguzi wa samaki, dada mpole mwenye buti za mpira, alipita kukagua usafi wa soko. Alipofika kwenye beseni la Mama Kaango, akainama akaokota samaki mmoja.

“Mama, hawa mbona watoto?”

“Ndio wanaotakiwa, mwanangu. Wakubwa wanaogopwa. Wanasema ni wale wa maabara.”

Mkaguzi hakugomba. Aliomba kisu, akachukua samaki mkubwa aliyebaki na mmoja wa wale wadogo, akawapasua matumbo. Tumbo la mkubwa lilijaa mayai ya rangi ya manjano. La mdogo halikuwa na kitu.

“Huyu mkubwa ameishi miaka kadhaa mtoni. Ndiyo maana amekua. Huyu mdogo hajawahi kutaga hata yai moja. Mkiendelea kuwavua hawa, mtavua nini baadaye?”

Mama Kaango alilitazama beseni lake. Kumbe alikuwa akilinda jiko kwa kuumaliza mto.

“Sasa hao wa vinasaba ni nini hasa?” aliuliza mumewe.

“Kila kiumbe kina vinasaba, baba. Ni maelekezo yaliyo ndani ya mwili. Ndiyo yanayofanya samaki awe samaki, na mchicha uwe mchicha. Wataalamu wanaweza kuchukua elekezo la samaki mmoja wakalitia kwa mwingine, ili akue upesi.”

“Nikimla, yataingia kwangu?”

“Umekula mchicha miaka yote. Umeota majani?”

Mume akajipapasa kichwa chenye upara. “Ningeshukuru.”

Wote wakacheka. Kisha mkaguzi akaendelea, “Lakini si kila hofu ni ya bure. Lazima wapime kama samaki huyo anaweza kuwadhuru watu wenye mzio, na itakuwaje akitoroka bwawani anakofugwa akachanganyika na wa mtoni. Kwa sasa hajaidhinishwa kwetu. Na akija, hata mimi siwezi kumtambua kwa macho.”

“Basi mteja atajuaje?”

“Swali hilo usiniulize mimi, mama. Kesho kutwa kuna mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi. Nenda ukaulize.”

Mama Kaango alikwenda, mumewe ubavuni. Ukumbi ulijaa. Wengine walisema samaki huyo ni sumu, wengine wakasema ataondoa njaa. Zamu yake ilipofika, alipiga moyo konde.

“Mimi nakaanga samaki,” alisema. “Sijui kama samaki huyo ni mzuri au mbaya. Ninyi mpimeni, mtuambie mlichokiona na msichokijua bado. Lakini akiruhusiwa, aje na lebo. Sisi tusiojua tulichonacho tumewaogopa samaki wasio na kosa, tukawavua watoto. Nami nilikuwa wa kwanza.”

Mwenyekiti akamwomba arudie, ili waandishi wapate maneno yake sawasawa.

Baada ya miezi michache uamuzi ulisomwa redioni. Samaki huyo hataidhinishwa mpaka vipimo vya mzio na vya usalama wa mito vikamilike. Na siku akiidhinishwa, hatauzwa bila lebo.

Wakati huo wavuvi walikuwa wamekwisha kurudia nyavu zao za zamani. Mama Kaango alikuwa amewafuata mwenyewe, akawapasulia samaki wawili mbele yao kama mkaguzi alivyofanya. Nyuma ya jiko alitundika kibao: SAMAKI WA MTONI. ULIZA, TUTAKUJIBU.

Na watu waliuliza. Asubuhi moja mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, alisimama mbele ya karai lililojaa samaki wakubwa.

“Hawa ni salama, dada?”

“Ni wa mtoni, wamevuliwa alfajiri. Wamekua wenyewe polepole.”

“Na wale wengine wakija?”

“Wakija watakuja na jina lao. Nitakuonyesha, nitakueleza ninachokijua, nawe utachagua.”

Mwanamke alifikiri kidogo. Kisha akanyoosha kidole katikati ya karai.

“Basi nifungie yule mkubwa kuliko wote.”