Tumbo Lisilouma

Kila alasiri Tamia alipotoka shule alimpitia mdogo wake, Yaku, kwa jirani, kisha akawasha moto na kubandika viazi. Mama yao, Zoila, alikata waridi kwenye mabanda ya plastiki yaliyotanda bondeni, chini ya mlima Cayambe. Baba alijenga maghorofa huko mbali, jijini Quito, na kurudi mara mojamoja.

Miezi mingine Mama alifika kabla ya giza. Lakini Februari ilipokaribia, watu wa nchi za mbali walitaka maua ya Sikukuu ya Wapendanao, na wakataji hawakuruhusiwa kutoka mpaka masanduku yajae. Mama alirudi mikono imechanwa na miiba, akaketi kula, na usingizi ukamchukua kijiko kikiwa bado mkononi. Tamia alikuwa na mambo tele ya kumwambia. Yote yalibaki kifuani.

“Mama yako ana watoto wengine kule bondeni,” mwanafunzi mwenzake, Rumi, alimtania. “Wote wana miiba.”

Tamia alicheka na wenzake, kisha akaondoka kabla yao.

Siku hiyo hakubandika viazi. Alijilaza, akajikunja, akamwita jirani.

“Mama Targelia, tumbo linanikata. Niitie Mama.”

Mama Targelia alikuwa kiongozi wa kijiji, mtu wa maneno machache makali. Wiki iliyopita tu alimkaripia Zoila kwa kukosa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji. Sasa alipiga simu bila kuuliza mengi.

Mama alifika akihema, na mabuti ya kazini miguuni. Alimwekea mwanawe kiganja tumboni. Kilikuwa cha baridi, kikinukia waridi na dawa ya wadudu.

“Ni hapa? Au hapa?”

Tamia alifumba macho. Alitamani mkono ule usiondoke. Ndipo akamsikia Mama akinong'ona kwa jirani, “Msimamizi kasema nikitoka nisirudi. Nimetoka hivyo hivyo.”

Tamia akaketi.

“Mama, tumbo haliumi.”

“Limetulia?”

“Halikuuma tangu mwanzo. Nilitaka uje.”

Zoila alimtazama usoni. “Mbona hukuniambia, mwanangu?”

“Ningekuambia saa ngapi? Ukirudi unalala na kijiko.”

Mama aligeuka, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Mama Targelia naye aliinamisha kichwa.

“Jirani, mimi nimekuwa nikikudai mfereji tu,” alisema. “Sikuwahi kukuuliza watoto wanakula na nani.” Kisha akamkazia macho Tamia. “Nawe umenifanya niseme uongo kwenye simu. Kesho tutakwenda wote, ukaseme mwenyewe.”

Asubuhi Tamia alisimama langoni pa shamba, nyuma yake Mama, Mama Targelia na wanawake wa kijiji waliokata maua.

“Nilidanganya naumwa,” alimwambia msimamizi, Bwana Ulcuango. “Kosa ni langu. Mama alinikimbilia tu.”

Bwana Ulcuango alijikuna kidevu. “Nikimrudisha huyu kwa sababu ya mtoto, kesho wote watakuja na habari za watoto.”

“Tunao,” alisema Mama Targelia. “Sote.”

Wanawake hawakusogea, na maua yalikuwa yakingoja kukatwa. Mwishowe msimamizi alimrudisha Zoila kazini, kwa onyo. Alikubali pia kila mkataji awahi kutoka siku moja kwa wiki, kwa zamu, wenzake wakimmalizia mistari yake ya waridi. Jumapili kijiji kiliamua kwamba wakataji watafanya msaragambo baada ya msimu, na mpaka hapo watoto wao watakula pamoja kwenye nyumba ya mikutano.

Zamu ya Zoila ilipofika, alirudi jua lingali juu ya mlima. Tamia alizungumza mpaka sauti ikamkauka, na Mama alisikiliza yote, macho yamefunguka. Kesho yake angeondoka tena alfajiri. Wote walilijua hilo.

Mama Targelia alipita kumleta Yaku.

“Kumtamani mama yako si kosa, Tamia,” alisema. “Ila hamu usiivike nguo za ugonjwa. Itaje kwa jina lake. Uongo ulimtisha mama yako na kumponza kazini. Ukweli umetuamsha sote. Na baba yako akipiga simu, mwambie vivyo hivyo.”

Siku zote Baba alipouliza hali, Tamia alijibu kwamba hawajambo. Jioni hiyo simu ilipolia, alivuta pumzi kwanza.

“Baba,” alisema, “nina hamu nawe.”