Mkono Mmoja Mfukoni

"Sindano. Uzi umekatika."

Sauti ya Mzee, bosi wa Sindano, ilikwaruza ndani ya kidude cha sikioni. Maana yake ilikuwa moja tu: adui ameshaingia.

"Wangapi?"

"Mmoja. Sura hatuna."

"Muda?"

"Dakika kumi na moja."

Sindano alitabasamu bila furaha. Bastola yake, Beretta, ilikuwa chini ya koti lake jeupe la maabara, na leo alikuwa na hamu nayo.

Uani lilisimama lori la umeme, tani arobaini, betri za volti mia nane. Saa nne kamili lingechajiwa mbele ya wajumbe wa mfuko wa utafiti. Likijaa kwa nusu saa, maabara ingepata fedha za miaka mitano. Likiwaka moto, michoro yake ingeuzwa kwa bei ya kutupa kwa kampuni ya nje iliyoimezea mate tangu mwanzo.

Walishajaribu mara moja. Miezi saba nyuma, fundi mkuu wa maabara aliuliza kwenye redio kama umeme umezimwa. Sauti ngeni ikamjibu, "Umezimwa, mkuu. Shika tu."

Akashika.

Alikuwa kaka yake Sindano, tumbo moja, ziwa moja. Tangu siku ile alitaka jambo moja tu duniani, na halikuwa kusamehe.

Akawapitia wageni kwa macho. Mwenyekiti, mama wa miwani. Wajumbe wanne aliowajua kwa sura. Na mpigapicha wa gazeti, bwana mcheshi mwenye Nikon kubwa kama tofali.

"Usikaribie kabati hilo, bwana," Sindano alimwonya.

"Usijali, dada'angu! Mimi umeme naujua kwa bili tu."

Watu wakacheka. Akainama kupiga picha kabati la umeme lililokuwa wazi. Mkono wake wa kushoto ukajiingiza mfukoni, wenyewe.

Sindano akaganda.

Kamera nzito vile hushikwa kwa mikono miwili. Ila mafundi wa umeme mkubwa, wakisogelea waya ulio hai, huficha mkono mmoja mfukoni ili umeme usipate njia ya kuvuka kifua. Kaka yake alifanya hivyo hata jikoni, mama akimsuta kwamba anakoroga chai kwa maringo.

"Mzee, ninaye."

"Mkamate tu. Umenisikia? Tu!"

Akapenyeza mkono chini ya koti.

Jamaa alijipenyeza akaingia chumba cha chaja. Sindano akamfuata, akaufunga mlango kwa mgongo. Tayari kijisanduku cha kuchoma kebo kilikuwa kimebanwa mahali pake.

Beretta ikamtazama jamaa usoni.

"Kitoe."

"Kwa mikono mitupu?" Jasho lilimtoka. Swichi kuu ilikuwa nje. "Umeme... umezimwa?"

"Umezimwa, mkuu. Shika tu."

Uso ukamsawijika. Aliyatambua maneno yake mwenyewe.

"Dada, nakuomba..."

"Aliyekuwa akiniita dada umemuua. Nani kakutuma?"

Akamwaga yote: kampuni, wakala, simu, mahali pa kukutania. Mzee aliyasikia neno kwa neno.

"Sasa shika."

Akashika, macho kayafumba, akilia kwa sauti.

Hakuna hata cheche. Sindano alikuwa ameuzima umeme kabla hajaingia. Jamaa alibaki amepiga magoti, suruali imelowa, kijisanduku mkononi.

"Sindano!" Mzee aliita. "Yu hai?"

"Yu hai. Mleteeni suruali."

Saa nne na dakika ishirini na sita lori lilijaa. Mwenyekiti akavua miwani, akatia saini palepale juu ya boneti.

Sindano hakusubiri makofi. Alivua koti jeupe, akapiga simu akielekea getini.

"Mama. Nimempata."



"Alilia?"

"Alilia, mama."

"Sana?"

"Sana."

Mama akavuta pumzi. "Basi njoo ule, mwanangu."

Sindano akavaa miwani ya jua, akavuka barabara.