Dawa za Baba Ndani ya Bomba la Choo cha Mbele

Nimeshika pakiti ya dawa za presha za babangu. Imetoka ndani ya bomba la choo, imejaa uchafu, na vidonge vyote bado vimo ndani yake...

Baba mwenyewe yuko chumba cha pili, chini ya shuka jeupe, anangoja kuoshwa.

"Mmeona?" ami yangu Abdurahman akapiga kelele nyuma yangu. "Mmeona wenyewe? Yule mwanamke alikuwa anamtupia dawa! Amemuua ndugu yangu!"

Jamani mnaonisoma, mimi ni mtu wa haya. Nikisemeshwa mbele za watu, sauti hunikauka. Lakini siku ile...

Acheni kwanza niwaeleze nilifikaje chooni na msiba uko ndani ya nyumba.

Kwetu ni Msambweni. Nyumba aliijenga babu, ya mawe, na mabomba yake ya chuma ni ya enzi hizo hizo. Baba alianguka alfajiri akivaa kanzu aende msikitini. Presha. Gari la kumpeleka hospitali lilipofika, alikuwa ameshakata roho.

Mzee Jaafar, rafiki yake wa tangu utotoni, ndiye aliyekuja kumwosha. Wanaume wa kwetu huoshewa choo cha mbele, kile cha upande wa baraza. Alipomwaga maji ya kusafishia sakafu, maji yakarudi juu.

Meusi. Yananuka.

"Simlazi Sefu juu ya uchafu huu," akasema. "Tafuteni fundi."

Mafundi wote walikuwa Diani, mahotelini.

"Twaiba si amesomea mabomba chuoni?" mtu akauliza.

Watu wakaguna. Msichana? Tena siku ya maziko ya babake?

Nikajifunga leso kiunoni, nikavaa glavu, nikaingia. Machozi yalinitiririka, na kwa mikono ile nisingeweza kuyafuta.

Bomba la zamani likishaliwa na kutu, ndani huota meno. Kila kinachopita hukwama. Nikausukuma waya wa kuzibulia, nikauzungusha, nikavuta. Ikatoka pakiti ya dawa. Nikavuta tena... nyingine! Na nyingine!

Ndipo ami alipopiga zile kelele.

Vijana waliokuwa uwanjani wakaingia mbio.

"Mtoeni nje!"

"Hakalii eda katika nyumba hii!"

Mmoja alikuwa na rungu.

Mke wa baba anaitwa Yusra. Mama yangu alifariki zamani, na huyu alikuja nikiwa shule ya upili. Niliposema nataka kusomea mabomba, ukoo mzima ulicheka. Yeye peke yake ndiye aliyemwambia baba, "Mwache mtoto aende."

Sasa walimtoa chumbani wakimvuta mkono, leso imemwanguka kichwani.

"Sema! Ulimtupia dawa mumeo?" ami akamfokea.

Yusra akaivuta leso, akajifunika kichwa.

"Mama Yusra, waambie si wewe!" nikamwomba.

Akanitazama. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayenikataza jambo. Hakufungua mdomo.

"Si mnaona? Angekuwa hana hatia angenyamaza?"

Rungu likainuliwa...

"NGOJENI!"

Sauti ile ilitoka kwangu. Hata mimi nilishtuka.

"Hiki ni choo cha wanaume," nikasema. "Mwanamke gani wa nyumba hii hukanyaga choo cha mbele? Sisi chetu kiko uani. Mnajua wote."

"We mtoto, usitufanye wajinga! Maji yote si yanakwenda shimo moja?"

"Shimo ni moja, ami. Mabomba ni mawili. Njooni nje muone."

Nikafunua kifuniko cha chemba, pale mabomba yanapokutana. Nikamwomba Mzee Jaafar akamwage ndoo ya maji choo cha uani. Maji yakapita mbele ya macho yao, hayakusita hata kidogo. Mdomo wa bomba la choo cha mbele ulikuwa mkavu.

"Pakiti zimekwama huku juu, kabla mabomba hayajakutana. Kilichotupwa uani hakiwezi kupanda kuja huku. Aliyezitupa alikuwa ndani ya choo cha mbele. Ni mwanamume."

Rungu likashuka.

Nikarudi chooni kumaliza kazi, wote wakinifuata. Nikavuta waya mara ya mwisho. Kikatoka kifuko cheusi cha nailoni, kitupu, bado kina uzi wake mwekundu. Maji yakaporomoka kwa kishindo. Bomba limezibuka!

Lakini nani aliyatazama maji?

Ami yangu huuza dawa za miti shamba Ukunda. Hakuna mtu mzima Msambweni asiyeujua uzi wake mwekundu.

"Abdurahman," Mzee Jaafar akasema polepole. "Hiki si kifuko cha dawa yako?"

"Hiyo... hiyo ya mgongo tu."

"Abdurahman! Ndugu yako amelala pale ndani."

Ami akakaa chini. Palepale, kwenye yale maji machafu, na kanzu yake.

"Alinijia analalamika," akasema. "Vidonge vya presha vimemmaliza nguvu za kiume, na ana mke kijana. Alikuwa anaona aibu. Nikampa dawa yangu. Nikamwambia vile vya hospitali aviache, avitupe choo hiki, na kifuko changu kikiisha akitupe pia, mkewe asione..."

Jamani!

Alijua tangu nilipovuta pakiti ya kwanza! Alijua, na bado akamnyooshea kidole Yusra!

Vijana wakatawanyika mmoja mmoja, macho chini. Aliyeshika rungu hakusema hata samahani.

Mimi nikamkimbilia Mama Yusra. Nilidhani atanikumbatia.

Akaniondoa mkono.

"Nilijua havimezi," akasema. "Nilimwomba. Nilimwambia sitaki kitu, nataka uwe hai tu. Akaniapisha nisimwambie mtu."

"Lakini wangekuua!"

"Heri wangenipiga, Twaiba. Umemvua nguo babako mbele ya mji mzima, na sanda hajavishwa."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Baba alioshwa. Nilisimama uani nikisikia maji yakishuka kwenye bomba nililolizibua kwa mikono yangu. Akazikwa baada ya adhuhuri. Ami hakufika makaburini.

Wanaume mnaonisoma, nawaomba. Dawa ikikusumbua, hata kwa jambo la aibu kiasi gani, mrudie daktari umwambie. Anaweza kukubadilishia. Usimwendee anayekwambia uitupe. Na usimwapishe mkeo akufichie, kwa sababu siku ukifa, atasimama peke yake mbele ya ndugu zako na kiapo chako mdomoni.

Nanyi mnaokimbilia marungu, wafiwa si wenu wa kupiga.

Mama Yusra bado yuko edani. Kila siku nampelekea chakula, naye hupokea bila neno, kisha huufunga mlango kwa komeo. Jana nilimpelekea uji wa mtama.

"Weka hapo," akasema.

Basi. Hayo tu, tangu maziko. Nikaliweka bakuli, nikakaa nje ya mlango wake nikilia.

Mlango hakuufungua tena. Lakini jana hakuufunga kwa komeo.