Pipa la Mama Pacha

Sabuni ya bafuni ilikuwa imelambwa.

Mama Pacha aliigeuza kiganjani, akaisogeza karibu na macho. Alikuwa amesimamia chumba cha kufulia cha hospitali mpaka siku aliyostaafu, na sabuni aliijua kuliko alivyowajua ndugu wa mumewe. Inayosuguliwa kwa mikono huisha kingo. Hii ilikuwa na mfereji katikati, mpana kama ulimi wa ng'ombe, na ndani yake ute wa kijivu uliovutika kama gundi alipougusa.

"Baba Pacha," akaita, "hii sabuni umeifanya nini?"

"Nimeiogea," mumewe akajibu kutoka sebuleni. "Kwani ilikuwa ya maonyesho?"

Akaitupa, akafungua mpya. Jibu alikuwa ameshalijua.

Alipostaafu, watu walitegemea akae barazani asubiri wajukuu. Yeye akasema anataka kutengeneza ndege wa chuma. Baba Pacha hakucheka. Aliuza gari lake kuukuu, lile alilolipenda na kuliosha hata wiki ambazo halikutoka getini, ili banda lake liwe karakana. Ikaja mashine ya kuchomelea, grinda ya kukatia chuma, meza ya chuma na miwani myeusi. "Umefua damu za watu maisha yako yote," alimwambia. "Sasa fanya la moyo wako."

Moyo ulitaka, mikono ikakataa. Jogoo wake wa kwanza alifanana na birika lililokanyagwa na lori. Watoto wao pacha, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye makwao, walitumiwa picha wakauliza kwa simu kama ni jogoo au ni ajali. Mama Pacha alicheka nao, kisha akaenda kulia bafuni huku maji ya bomba yakimfichia sauti.

Ndipo akalipata pipa. Alihitaji la kupozea chuma cha moto, na muuza vyuma chakavu alikuwa nalo moja lililotoka kwenye machinjio yaliyofungwa, pipa pana ambalo walikuwa wakiyeyushia mafuta ya wanyama. Hakutaka hata malipo. Alilisukuma mwenyewe kwa mkokoteni mpaka bandani, akaondoka bila kuomba maji ya kunywa.

Mama Pacha alilisugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka mikono ikachubuka. Harufu haikutoka. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyochacha na nywele zilizoungua, na ilikaa nyuma ya koo kama kohozi lisilotemeka. Alipotumbukiza chuma chekundu kwa mara ya kwanza, maji hayakulia kama yaliavyo maji. Yalimeza. Gu, gu, gu, kama mtu aliyerudi na kiu kutoka mbali.

Na mikono yake ikatulia. Jogoo aliyefuata alikuwa na manyoya ya shingoni ambayo mtu angeapa kuwa upepo ukija yatainuka. Wapita njia walisimama getini. Mwenye hoteli akaagiza korongo wawili, kisha akarudi kuagiza kundi zima.

Baada ya sabuni zikafuata vijiko. Vilitoka kabatini vikiwa na utelezi. Baba Pacha alikuta unywele mgumu mweusi ndani ya glasi yake, akautoa, akakuta mwingine umemkwama kwenye meno. Foronya zilizoanikwa juani zilikauka zikiwa na mistari minene ya mafuta. Nyumba iliyokuwa ikinukia nguo safi ikaanza kunuka kama mdomo.

Mchana mmoja Baba Pacha alijilaza kochini, usingizi ukamchukua. Akaota yu mtoto, mama yake anamfuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, anamfuta polepole, shavu hili na shavu lile, na kitambaa kikawa kizito, kikawa na chunusi ngumu kama msasa, kikapita juu ya midomo yake kikitafuta pa kuingilia, na alipofumbua macho chumba kilikuwa cheupe kwa jua, hapakuwa na mtu, ila mto ulikuwa umebonyea kando ya kichwa chake, na ute wa vuguvugu ulikuwa ukimtiririka kutoka kwenye kope mpaka shingoni, ukinuka mafuta ya zamani, na ndani ya mdomo wake, chini ya ulimi, kulikuwa na kitu laini kilichoyeyuka kabla hajakitema.

Alikwenda karakana akijifuta kwa shati.

"Mama Pacha," alinong'ona, "humu ndani kuna kitu."

Mkewe hakuinua miwani. "Usiseme kwa sauti."

"Ulijua?"

"Nilidhani kitaishia kwenye pipa. Kwanza kilitaka moto tu. Kisha nisipokimwagia makombo ya chakula, chuma kinapinda mikononi." Akashusha sauti zaidi. "Kimekugusa?"

Baba Pacha alijifuta kope tena. Alilisogelea pipa akachungulia. Juu ya maji palikuwa na utando mweupe kama mafuta ya mchuzi uliolala, ukiwa na nywele zilizochomoza, na utando ule ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, bila haraka, kama kifua cha mtu aliyeshiba. Alitapika palepale. Kabla hajajifuta midomo, matapishi yalikuwa yameondoka sakafuni, na saruji iking'aa.

Kesho yake alimleta fundi viatu wa mtaa wa pili, ambaye asubuhi alishona soli na mchana alitoa majini. Alikuja na mfuko wa plastiki, akalizunguka pipa, pua ameibana kwa vidole.

"Ni jini la ulafi," alisema kwa sauti ya chini. "Limelelewa na mafuta. Wewe, mama, umelilisha chakula, nalo likakupa mikono. Linatoka. Ila maji ya pipa uyamwage wewe, kwa mikono mitupu, ukisema hulitaki."

"Na mikono yangu?"

"Itarudi ilivyokuwa."

Mama Pacha alivua glavu, akapiga magoti. Aliingiza mikono mpaka viwikoni, utando ukapasuka, na uvundo ukatoka mzito hata fundi akarudi mlangoni. Ndani ya pipa kitu kilianza kumnyonya vidole, kimoja baada ya kingine, na sauti yake ilisikika. Baba Pacha alitazama uso wa mkewe akitegemea kuona kinyaa. Aliona amefumba macho kama mtu anayekandwa baada ya kazi ngumu.

"Sema hulitaki," fundi akanong'ona.

Mama Pacha alizamisha mikono zaidi.

Fundi alikunja mfuko wake. "Mimi namtoa aliyeingia kwa nguvu, mzee wangu. Huyu ana mwenyeji."

Walipobaki wawili, Baba Pacha alimshika mkewe bega, akaona kiganja kinateleza.

"Tulitupe. Nitakununulia jingine. Tutacheka na majogoo yako mabaya."

"Nimefua mashuka ya watu miaka yote ile," akasema taratibu. "Niambie ni shuka gani lililobaki likasema nilikuwepo." Alitazama korongo waliosimama kando ya ukuta. "Kaa nami. Harufu utaizoea. Mimi siisikii tena."

Baba Pacha alihamia kwa dada yake. Alioga mpaka ngozi ikawasha, na bado akila alihisi unywele mdomoni.

Mvua zilipoanza alirudi kuchukua koti na dawa zake za presha. Uani alipita katikati ya korongo, bundi na farasi wa chuma, wazuri kiasi cha kumsimamisha. Ndani, Mama Pacha alikuwa mezani, amenenepa, mashavu yanang'aa. Nywele zake zilikuwa zimelala zote upande mmoja, zimelowa, kama za ndama aliyetoka kulambwa na mama yake.

Mbele yake palikuwa na sahani mbili. Yake ilikuwa na chakula nusu. Ya pili, mahali alipozoea kukaa Baba Pacha, ilikuwa nyeupe, imelowa, na kiti chake kilikuwa kimevutwa karibu na cha mkewe.

"Karibu, Baba Pacha," alimwambia kwa upole, bila kunong'ona. "Umechelewa kidogo tu. Ameshakula."