Mzigo Kutoka Shimo la Makaa

Ndoo ilipanda tupu, lakini ilikuwa nzito. Mwanamkuu na Bibi Minza waliizungusha winchi mpaka mishipa ikawasimama shingoni, na ndoo ilipofika juu haikuwa na hata punje ya makaa ya mawe. Ilinuka jasho. Mwanamkuu alijua halikuwa jasho la mumewe Nassibu aliyekuwa chini akichimba, maana hilo angelijua hata usingizini. Lilikuwa jasho la zamani lililochacha, la mtu aliyetoka mbali.

"Ulipoitwa, uliitika?" Bibi Minza alinong'ona.

"Sikuitika, Bibi. Pumzi ya kuitika ningeitoa wapi?"

"Afadhali."

Afadhali vipi, na kuitika ndiyo ilikuwa kanuni? Kijiji chao cha ujamaa, kando ya njia ya zamani ya misafara nje ya Tabora, kilipogundua jiwe jeusi linalowaka, mkutano mzima ulikaa kupanga usalama kabla ya sururu kugusa ardhi. Kuta zishikiliwe kwa magogo ya mninga. Taa itangulie kushuka, na ikizimika mtu asishuke. Lichimbwe shimo la pili la hewa na la kukimbilia. Na kwa kuwa mzigo ukiponyoka humuua aliye chini, wanakijiji wakaongeza desturi yao ya kupokezana mizigo: wa chini aite "Pokea!", wa juu aitike "Nimepokea!", ndipo winchi izunguke. Mpango mzuri, nani angebisha? Kisha Mwenyekiti Wenceslaus akapata habari kwamba wakubwa wa mkoa wanakuja kuliona shimo, na lile la pili likawekwa kiporo. Wakubwa hawasafiri kuja kutazama tundu la hewa, alisema, na watu wakacheka.

Sauti ya Nassibu ilipanda kutoka gizani. "Mbona mmevuta ndoo? Sijaita mimi!"

Mwanamkuu alimgeukia Bibi Minza.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," Bibi Minza alisema polepole, mkono wake wa kiganga ukitafuta kibuyu kiunoni. "Walipita hapa na pembe za ndovu wakielekea pwani. Wengine walianguka wakafa na mzigo begani, hakuna wa kuwapokea. Mtu wa hivyo halali, mjukuu wangu. Akiita usiitike. Ukiitika, umeupokea."

"Nassibu, panda! Acha kila kitu, panda!"

Alichelewa. Magogo yalilia, ardhi ikaguna, na vumbi jeusi likaruka mdomoni mwa shimo. Taa ya chini ilizimika. Watu walitoka mashambani wakikimbia, Wenceslaus mbele yao, na wote walisimama ukingoni bila la kufanya, kwa sababu njia ilikuwa moja tu na ndiyo hiyo iliyoporomoka nusu.

Mwanamkuu aliteremsha kamba gizani, nayo punde ikatikisika. Kikohozi kilisikika, kisha sauti dhaifu ikasema amejifunga. Yu hai! Wanaume waliirukia winchi wakasukuma kwa vifua, isisogee hata kidogo.

"Pokea!" iliita sauti kutoka chini. Ilikuwa ya Nassibu, na nyuma yake, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema, ilikuwako nyingine.

"Msiitike!" Bibi Minza aliwanyamazisha. Alimwaga unga wa mtama ukingoni, akatema maji, akamwita babu yake kwa Kinyamwezi, akambembeleza, akamkaripia. Mwanamkuu alisoma Ayatul Kursi akiwa amepiga magoti. Na harufu ya jasho lile ikazidi kupanda, ikajaa puani, ikawafukuza wanaume mmoja mmoja kutoka kwenye winchi, huku kule chini kikohozi kikipungua nguvu, kikiacha nafasi ndefu, kisha nyingine ndefu zaidi, na sauti ya pili, ambayo haikuchoka wala haikukohoa, ikiendelea kuita pokea, pokea, pokea, kwa upole wa mtu aliyezoea kungoja.

"Tungelichimba lile shimo la pili," Wenceslaus alisema, akilia waziwazi.

Bibi Minza alidondosha kibuyu. "Nimeshindwa, mjukuu wangu."

Mwanamkuu alikuwa na hofu kuliko siku zote za maisha yake. Aliinama juu ya giza.

"Nimepokea!"

Winchi ilizunguka kwa wepesi wa ajabu. Nassibu alipanda akiwa mweusi tii, anatapika vumbi, mzima. Watu walishangilia, wakambeba hadi nyumbani. Mwanamkuu hakuweza kukimbia nao. Kitu kirefu na baridi kilikuwa kimetua begani mwake, kikamkunja mgongo.

Alitembea peke yake. Kila aliyekutana naye alimwona ameinama, na kwa adabu ya watu wa kule akamuuliza, "Pole, dada, nikupokee?" Mikono yake ilikuwa mitupu, lakini hawakuitazama mikono. Kila mara kinywa chake kilitaka kusema ndiyo, akakiuma mpaka damu.

Alipofika mlangoni, Nassibu aliinuka mkekani akiyumba, macho yamejaa upendo.

"Mke wangu, umebeba nini hicho? Lete niku—"

Alimziba mdomo kwa kiganja. Aliushikilia hivyo kwa muda, akiusikia uhai wake ukipumua kwenye vidole vyake, na akatamani kubaki. Kisha alimwachia, akatoka, akaifuata ile njia ya zamani kuelekea pwani, akiwakwepa watu wema.