Kinu cha Muvula

Kinu kipya cha Georgette, cha mti wa muvula, kilikataa kukauka. Alikianika juani siku tatu pale Kalundu, mtaa wa Uvira, na bado ndani mlikuwa na utelezi wa vuguvugu, wenye harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi.

"Si weye ulisema muvula hainywi maji?" alimuuliza mumewe Bonaventure, fundi aliyekichonga.

"Hainywi. Haiozi, haipasuki, muchwa haiigusi. Njo tunatengenezaka nayo mitumbwi na milango."

"Sasa hii maji iko inatoka wapi?"

Bonaventure alikumbuka tu kwamba gogo lile lilikuwa na jiwe ndani, kama muvula unavyokuwa nalo wakati mwingine, na lilimharibia makali ya patasi.

Georgette akatwanga sombe, majani ya muhogo. Pole kama unakula. Sombe ilitoka na nyuzi za mate, inanuka samaki wa juzi, na Laure, binti yao wa miaka miwili, akalamba sahani, akakataa chakula chochote kisichopita kwenye kinu kile. Alikula akazidi kukonda. Mchana mmoja Georgette alisikia kinu kinatafuna chenyewe, na kila kilipotafuna mashavu ya Laure yalitikisika, na alipomfungua mtoto kinywa akakuta ulimi mkavu, umepasuka, hauna hata tone la mate, huku kinu kikifurika mpaka sakafuni.

Wakamwita Mama Apollinarie, mwombaji wa Rugenge. Alichungulia, akaziba pua.

"Jini iko ndani. Baba, ulipokuta lile jiwe ulifanya nini?"

"Nilinoa patasi juu yake," Bonaventure alinong'ona. "Nikatema mate. Bafundi yote banafanyaka vile."

"Ulitemea mulango yake! Imeonja mate yako, sasa inakausha mutoto. Rudisha yote kwa ulimi: lamba mpaka chini."

Mungu wangu! Mimi ningekimbia. Bonaventure alimtazama Laure, akapiga magoti, akaingiza kichwa, akalamba ule utelezi, na nywele asizojua za nani, na sombe iliyochacha, akatapika, akalamba na matapishi yake, akateremka mpaka chini kabisa, ambako kitu laini nacho kilimlamba.

Kinu kikakauka. Laure akaomba maji, akala ugali, akacheka. Georgette alilia kwa furaha, akamsihi mumewe aseme neno, hata aleluya moja.

Bonaventure aliziba mdomo kwa mikono miwili. Ndani, ndimi mbili zilikuwa zinagombania nafasi.